Fritz Szepan: bingwa wa kabumbu aliyekosa barabara kwa sababu ya duka

Fritz Szepan alikuwa kiungo na kapiteni wa ekipe ya taifa ya Ujerumani, kisha kocha aliyeshinda ubingwa. Lakini muji wake wa Gelsenkirchen haukuipa barabara jina lake.

Alizaliwa huko tarehe 2 Septemba 1907. Wazazi wake walikuwa wametoka Masuria, upande wa mashariki, kama familia nyingi zilizofuata kazi ya migodi ya makaa ya mawe. Kijana huyo alikulia katika Schalke 04, ekipe iliyopendwa na wachimba migodi.

Szepan hakuwa na mbio. Nguvu yake ilikuwa kuona mapema mpira unapopaswa kwenda. Yeye na shemeji yake Ernst Kuzorra walicheza kwa pasi fupi fupi, mpira ukizunguka kama pia mpaka wapinzani wachoke. Kwa mchezo huo Schalke ilitwaa ubingwa wa Ujerumani mara sita, kati ya 1934 na 1942. Katika fainali ya 1934, Nürnberg iliongoza 1-0 hadi dakika za mwisho. Szepan akasawazisha, Kuzorra akafunga la ushindi. Mwaka huo Szepan aliongoza pia Ujerumani kuchukua nafasi ya tatu katika Kombe la Dunia, Italia.

Utawala wa Wanazi ulijitangaza kwa sifa za wachezaji hao, naye Szepan alifaidika. Aliingia chama chao mwaka 1937. Mwaka uliofuata, Wayahudi walipokuwa wakilazimishwa kuachia mali yao, alichukua duka la nguo la Wayahudi kwa bei ya chini. Wenye duka walipelekwa kwa nguvu Riga. Hawakurudi.

Baada ya vita alikuwa kocha wa Schalke kuanzia 1949 hadi 1954. Mwaka 1955 aliipa Rot-Weiss Essen ubingwa kwa kuishinda Kaiserslautern 4-3, ekipe ya Fritz Walter, kapiteni wa mabingwa wa dunia wa 1954. Alikuwa rais wa Schalke toka 1964 hadi 1967, na alifariki Desemba 1974.

Mwaka 2001 likatolewa pendekezo la kuita barabara moja karibu na uwanja mupya wa Schalke kwa jina lake. Habari ya duka ikarudi, watu wakapinga, na pendekezo likaachwa. Mabao yake bado yanakumbukwa Gelsenkirchen, na wenye duka pia.