Wilhelm Maybach na Rejeta ya Gari

Huenda siku moja ulisimama kando ya barabara itokayo Mji Mkongwe kwenda Bububu, ukaona gari la shamba limeegeshwa chini ya mwembe, boneti i wazi, na mvuke mweupe unafuka mbele yake. Utingo anakuja mbio na ndoo ya maji. Abiria wamekwisha kushuka. Mama mwenye kikapu cha samaki anatazama jua linavyopanda, kwani samaki hawangoji. Watu husema kwamba gari limechemsha, na ni kweli: maji yaliyowekwa ili kuipoza injini yamechemka.

Kwa nini injini ihitaji maji? Petroli inapoungua ndani ya silinda, ni sehemu ndogo tu ya nguvu yake inayosukuma gari. Sehemu kubwa hugeuka kuwa joto la bure. Joto hilo lisipoondolewa, pistoni hutanuka, hukwama ndani ya silinda, na injini hufa. Basi maji hupita kando ya silinda, huchukua joto, na kulipeleka mbele ya gari katika chombo kiitwacho rejeta. Hapo upepo hulipokea na kwenda nalo. Mtu aliyeifanya rejeta iwe chombo cha kutegemewa alikuwa Mjerumani, Wilhelm Maybach. Soma sasa habari za maisha yake.

Maybach alizaliwa tarehe 9 Februari 1846 katika mji wa Heilbronn. Baba yake alikuwa seremala. Mtoto huyu alipotimiza umri wa miaka kumi, wazazi wake wote wawili walikuwa wamekwisha kufariki. Alipokewa katika nyumba ya kulelea yatima katika mji wa Reutlingen, nayo nyumba hiyo ilikuwa na karakana yake ya mashine. Huko alijifunza kuchora michoro ya mitambo. Katika miaka ya 1860 akaja msimamizi mpya wa karakana, mhandisi aitwaye Gottlieb Daimler, akautambua upesi ustadi wa kijana yule. Tangu hapo walifanya kazi pamoja karibu maisha yao yote.

Mwaka 1882 wawili hao walianza kazi yao wenyewe katika kibanda cha bustani nyumbani kwa Daimler, mjini Cannstatt. Walifanya kazi kwa siri, mchana na usiku. Mtunza bustani alisikia vyuma vikigongwa, akadhani wanatengeneza fedha za bandia, akawaita polisi. Polisi walipoingia walikuta injini tu! Injini hizo zilikuwa ndogo na nyepesi, zenye kuzunguka kwa kasi kuliko zilizozitangulia. Lakini kadiri injini ilivyopata nguvu, ndivyo joto lake lilivyozidi.

Magari ya kwanza yalipozwa kwa njia ya kupoteza maji. Maji yaliachwa yachemke na mvuke upotee hewani, kisha dereva akaongeza mengine. Mwaka 1888 mama mmoja, Bertha Benz, alisafiri kwa gari la mumewe, Karl Benz, mwendo wa kilomita zipatazo 106, karibu sawa na kutoka Mji Mkongwe hadi Nungwi na kurudi. Njiani ilimbidi asimame mara kwa mara kutafuta maji ya visima na vijito. Mwaka uliofuata Maybach alijaribu njia nyingine. Alitengeneza gari ambalo kiunzi chake kilikuwa cha mabomba ya chuma, na maji ya injini yakapita ndani ya mabomba hayo ili yapoe. Ilikuwa hila nzuri, ila haikufaa kwa injini kubwa.

Kabla ya kuendelea, fanya jaribio hili nyumbani. Tia chai ya moto katika vikombe viwili vilivyo sawa. Kimoja kiache. Chai ya kile cha pili imimine katika kisahani, kama wafanyavyo wazee wetu barazani. Ipi inapoa kwanza? Chai ni ile ile, lakini ya kisahani imetandazwa, na hewa inaigusa mahali pengi zaidi.

Maybach aliifuata kanuni hiyo. Mwaka 1900, mwaka ule ule ambao Daimler alifariki, mfanyabiashara Emil Jellinek alitaka gari lenye nguvu zaidi ya yote yaliyokuwapo. Maybach akaliundia rejeta mpya. Alichukua mirija midogo ya chuma 8,070, kila mmoja una tundu la mraba la milimita 6 kwa 6, akailehemu pamoja hata ikafanana na sega la nyuki. Upepo ulipita ndani ya mirija, na maji yalishuka katika nafasi nyembamba zilizo baina yake. Nyuma yake aliweka feni, ili hewa ivutwe hata gari linapokwenda polepole. Gari hilo liliitwa Mercedes, jina la binti wa Jellinek. Lilihitaji maji lita 9 tu, kiasi cha nusu ya yale yaliyohitajika kabla.

Je, huoni ajabu, maji kupungua na injini kupoa zaidi? Yafikirie maji kuwa ni hamali wa pale Darajani. Hamali wachache wanaotua mizigo upesi hufanya kazi kubwa kuliko wengi waliopanga foleni na mizigo kichwani. Rejeta ndipo mahali pa kutulia mzigo.

Fundi wa Unguja anayeshughulikia gari kuukuu hukutana na jambo hilo hilo. Kisiwa chetu kimejengwa kwa mawe ya matumbawe, na maji ya visima vyake yana chokaa. Tazama ndani ya birika la nyumbani kwenu, utaona ukoko mweupe. Ukoko kama huo huziba mirija ya rejeta na kulizuia joto lisitoke. Fundi huizibua mirija. Ikishindikana, huiondoa rejeta na kuweka nyingine, pengine yenye safu tatu za mirija badala ya mbili. Hata hivyo safu zikizidi, zile za nyuma hupata upepo uliokwisha kupashwa moto na zile za mbele, kwa hiyo faida yake ni ndogo. Tena rejeta mpya haisaidii kitu ikiwa mkanda wa feni umelegea. Nawe usithubutu kufungua kifuniko cha rejeta iliyo moto. Maji yaliyobanwa humo yanaweza kupita nyuzi 100 za Selsiasi, na kifuniko kikitoka hulipuka usoni.

Maybach aliacha kampuni ya Daimler mwaka 1907. Baadaye yeye na mwanawe Karl walianzisha kiwanda cha injini za vyombo vya angani vya Zeppelin. Alifariki tarehe 29 Desemba 1929, akazikwa Cannstatt, katika makaburi yale yale alimozikwa Daimler.