Robert Laws: mmisionari aliyejenga chuo mlimani kwa peni za Waskoti na kuku wa wanakijiji

Ukivuka mpaka pale Kasumulu, ukaacha mashamba ya mpunga ya Kyela na kufuata barabara ya kando ya ziwa kupitia Karonga, baada ya saa kadhaa unafika Chitimba. Hapo ndipo inapoanza Gorode, barabara ya vumbi na mawe yenye kona 20 kali, inayopanda mlima mpaka masikio yanaziba.

Juu kabisa kuna mji mdogo unaoitwa Livingstonia. Wenyeji wanapaita Khondowe. Usipachanganye na Milima ya Livingstone unayoiona ukiwa Matema. Ile iko kwetu, upande wa Tanzania.

Mji huo ulianzishwa na Mskoti mmoja, Robert Laws. Historia inamsifu kwa kujenga chuo kilichotoa walimu, mafundi, wachungaji na hata wanaharakati wa kwanza wa eneo hili. Swali ambalo halijibiwi sana ni hili: hela ilitoka wapi?

Mtoto wa fundi seremala

Laws alizaliwa Aberdeen, Uskoti, tarehe 28 Mei 1851. Baba yake alikuwa fundi wa samani. Mama yake alifariki Robert akiwa bado mdogo sana.

Hakuzaliwa na kijiko cha fedha. Alijifunza kazi ya baba yake, mchana yuko na randa na msumeno, usiku anasoma. Kwa njia hiyo akafika chuo kikuu, akasoma udaktari na theolojia kwa pamoja. Alitaka kuwa mmisionari, na alijua kwamba huku Afrika mtu wa kuhubiri tu asingetosha.

Mwaka 1875, akiwa na miaka 24, alijiunga na msafara wa Kanisa Huru la Uskoti kuja Ziwa Nyasa. Walikuja na meli ndogo ya mvuke, Ilala. Kwenye maporomoko ya Mto Shire haikuweza kupita, ikabidi ifunguliwe vipandevipande na kubebwa na mamia ya wapagazi, kisha kuunganishwa tena juu. Oktoba mwaka huohuo ikaingia ziwani.

Kituo cha kwanza kilikuwa Cape Maclear, kusini mwa ziwa. Malaria iliwamaliza. Mtu wa kwanza kubatizwa alipatikana mwaka 1881, baada ya zaidi ya miaka mitano ya kazi. Wakahamia Bandawe, nako homa ikawafuata. Mwaka 1894 Laws akapanda mlimani Khondowe kutafuta hewa safi na mahali pa kujenga chuo.

Tajiri mmoja, maskini wengi

Chuo kilipewa jina la Overtoun Institution. Lord Overtoun alikuwa mwenye kiwanda cha kemikali karibu na Glasgow na mfadhili mkubwa kuliko wote. Jina lake likaingia kwenye chuo, na kwenye vitabu pia.

Lakini hela ya Overtoun ilikuwa na stori yake. Mwaka 1899 mwanasiasa wa wafanyakazi, Keir Hardie, alimwanika hadharani kwa kuchapisha vijitabu kuhusu hali ya kiwanda hicho. Watu walifanya kazi saa 12 kwa siku, hata Jumapili, kwa ujira mdogo, na kemikali ya kromu iliwatoboa pua. Na huyu bwana ndiye aliyekuwa mstari wa mbele kutetea utakatifu wa Jumapili.

Yaani sehemu ya matofali ya Khondowe ililipiwa na jasho la vibarua wa Glasgow ambao hawakuulizwa.

Upande wa pili kulikuwa na watoaji wadogo. Kanisa Huru lilijitenga na kanisa la serikali mwaka 1843, na siku hiyohiyo likapoteza mishahara na majengo. Kiongozi wake, Thomas Chalmers, alikuja na hesabu rahisi: kila muumini akitoa peni moja tu kwa wiki, wachungaji wote watalipwa. Ilifanya kazi. Ndiyo maana Wapresbiteri wa Uskoti walikuwa wamezoea kuchanga kidogokidogo. Wavuvi, wafumaji na watoto wa shule za Jumapili walitia peni zao kwenye sahani kwa ajili ya watu ambao wasingewaona maishani.

Kuku, majembe na bangili

Kuna kundi la tatu, nalo ndilo linalosahaulika zaidi: waumini wa huku kwetu.

Kwenye mkutano mkubwa wa meza ya Bwana uliofanyika Ekwendeni, Ungoni, mwishoni mwa miaka ya 1890, maelfu ya watu walikusanyika chini ya mmisionari Donald Fraser. Sadaka ilipopita, sarafu zilikuwa chache. Watu walitoa walichonacho: kuku, mbuzi, mahindi, maboga, shanga, majembe, visu, hata bangili walizovaa mkononi.

Kama umesali kanisa lolote la Kyela au Rungwe, hili hulishangai. Hata leo, ibada ikiisha, mkungu wa ndizi na jogoo vinapigwa mnada pale nje, na anayenunua mara nyingi anamrudishia mwenyewe.

Ila kipindi kile jembe la chuma lilikuwa mali hasa. Lililima, lilibadilishwa kwa chakula, lililipa hata mahari. Kutoa jembe ilikuwa kutoa chombo cha kazi cha msimu unaofuata. Na kodi ya kibanda ilipoingia, sarafu yoyote iliyopatikana ikawa inasubiriwa na serikali. Vijana wengi walikuwa wameshaanza kwenda migodini kusini kuitafuta.

Ada yaleta kelele

Laws aliamini kitu cha bure hakithaminiwi. Kwa hiyo elimu ilichangiwa: ada ndogo, kitabu unanunua, kanisa la kijiji mnajenga wenyewe. Kwake hiyo ilikuwa heshima, mtu asimame kwa miguu yake.

Kwa mzazi asiye na sarafu, ilikuwa mlango kufungwa.

Mwaka 1908 aliyewahi kuwa mwanafunzi wa Khondowe, Elliott Kamwana, alirudi nyumbani kando ya ziwa kwa Watonga akihubiri ujumbe wa Watch Tower. Aliwaambia watu dunia ya wakoloni itafika mwisho mwaka 1914, na kodi na ada zitakwisha. Alibatiza bila kumsubirisha mtu miaka ya mafundisho. Ndani ya miezi michache maelfu walimfuata. Serikali ikashtuka, na mwaka 1909 ikamhamisha kwa nguvu.

Mwaka huohuo wa 1908 Laws alikuwa Edinburgh, amechaguliwa msimamizi wa Mkutano Mkuu wa kanisa lake, cheo cha juu kabisa. Na mwaka huohuo Lord Overtoun alifariki. Tajiri ameondoka, na watoaji wadogo wanauliza wanapata nini.

Swali lao lilikuwa na uzito. Waafrika walichanga, walifundisha na walihubiri, lakini hakuna aliyekuwa mchungaji kamili. Wachungaji watatu wa kwanza, Yesaya Zerenji Mwase, Hezekiah Tweya na Jonathan Chirwa, waliwekewa mikono mwaka 1914 tu, karibu miaka 40 tangu Ilala iingie ziwani. Hapo Laws alichelewa, na baadhi ya vijana wake bora walishaondoka.

Vita vinavuka Songwe

Huku kaskazini mwa ziwa, Wamoravian na Waberlin kutoka Ujerumani walifika mwaka 1891 na kugawana Unyakyusa. Mto Songwe ukawa mpaka: Wajerumani huku, Waingereza kule. Kwa Wanyakyusa na Wangonde, ambao ni ndugu, huo ulikuwa mto wa kuvuka tu.

Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, ilivizia na kuizima meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann. Septemba wakapigana Karonga. Mwaka 1916 Waingereza wakaingia Unyakyusa, na wamisionari wa Kijerumani wakakamatwa na kuondolewa.

Makanisa yakabaki mikononi mwa walimu na wazee wenyeji. Waliendesha ibada, wakakusanya sadaka, wakatunza shule walizoweza. Waskoti wa Livingstonia, ambao nao walikuwa na uhaba wa hela na watu, walivuka Songwe kusaidia usimamizi, mpaka Wajerumani waliporuhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920. Kwa kipindi hicho kifupi, Wapresbiteri na Wamoravian wa ziwa hili walikula sahani moja.

Walichotoa kilizaa

Pale Khondowe walifundishwa useremala, uashi, uchapaji, uuguzi, telegrafu, ualimu na theolojia. Maji yaliletwa kwa mabomba na umeme ukazalishwa kwa nguvu ya maji, wakati miji mingi ya Afrika ilikuwa bado inatumia taa za mafuta.

Angalia waliopita pale. David Kaunda, baba wa rais wa kwanza wa Zambia, Kenneth Kaunda. Donald Siwale, aliyeshirikiana naye kuanzisha chama cha Mwenzo, hatua chache kutoka Tunduma. Clements Kadalie, aliyeanzisha chama kikubwa cha wafanyakazi Afrika Kusini mwaka 1919. Levi Mumba, rais wa kwanza wa Nyasaland African Congress mwaka 1944.

Hawa hawakusomeshwa na tajiri mmoja. Nyuma yao kulikuwa na peni ya mtoto wa Aberdeen na jogoo wa bibi wa Ekwendeni.

Mke wa Laws, Margaret, aliyefunga naye ndoa mwaka 1879, alifariki mwaka 1921. Mzee mwenyewe aliondoka Khondowe mwaka 1927, baada ya miaka 52. Alitaka chuo chake kiwe chuo kikuu, lakini alifariki tarehe 6 Agosti 1934 bila kukiona.

Wazo hilo lilikaa karibu miaka 70. Mwaka 2003 Chuo Kikuu cha Livingstonia kilifunguliwa, na safari hii wenye nyumba walikuwa Sinodi ya Livingstonia ya CCAP, kanisa linaloongozwa na wenyeji, wajukuu na vitukuu wa wale waliovua bangili zao kwenye sahani ya sadaka.