Huyu ndiye Sultani wa Kilwa ambaye sarafu yake ilifukuliwa Zimbabwe

Stori za rupia za Mjerumani haziishi vijiweni. Siku hizi kuna vijana wanaozunguka na ditekta, ile mashine inayolia ikipita juu ya metali iliyofukiwa ardhini, wakiamini siku moja watatoboa.

Lakini Kilwa Kisiwani, mkoani Lindi, kuna sarafu za zamani zaidi, zilizotengenezwa karne nyingi kabla Mjerumani hajakanyaga pwani hii. Ni vipande vidogo vya shaba. Baadhi vina jina la mtu mmoja: al-Hasan bin Sulaiman.

Ni nani huyo?

Alitawala Kilwa kuanzia karibu mwaka 1310 hadi karibu 1333, akitoka katika ukoo wa Mahdali. Habari za kale za Kilwa zinasema alipokuwa kijana alikwenda Aden kusoma elimu ya dini, kisha akaenda Makka kuhiji. Huku nyumbani nduguye Daud alimshikia kiti. Aliporudi, Daud akampisha bila vita.

Enzi hizo Kilwa haikuwa mji wa mchezo. Dhahabu ya bara ilishuka hadi Sofala, katika pwani ya Msumbiji ya leo, na Kilwa ndiyo iliyoshika biashara hiyo. Kwa utajiri huo al-Hasan alijenga Husuni Kubwa, jumba lenye vyumba zaidi ya 100 na bwawa la kuogea lenye pembe nane, juu ya mwamba unaotazama bahari. Msikiti Mkuu nao ulipanuliwa.

Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta kutoka Morocco alitia nanga Kilwa. Aliusifu mji, lakini kilichomshangaza zaidi ni mkono wa sultani. Watu walimwita Abu al-Mawahib, yaani baba wa zawadi.

Ibn Battuta anasimulia kwamba siku moja, baada ya sala ya Ijumaa, fakiri mmoja kutoka Yemen alimsimamisha sultani njiani akamwomba nguo alizovaa. Sultani aliingia ndani, akabadilisha, akampa. Mwanawe alipozichukua tena nguo zile na kumpa fakiri watumwa 10 badala yake, baba akaongeza watumwa wengine 10 na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Hapo ndipo upande wa pili wa ukarimu huo unapoonekana. Sultani huyu alikuwa akiwavamia watu wa bara na kuchukua mateka. Zawadi zake kwa wageni zilikuwa na watu ndani yake, na majina yao hayakuandikwa popote.

Alipofariki, Daud alichukua kiti. Ibn Battuta anasema huyu alikuwa kinyume kabisa: akiombwa, alijibu kwamba mtoaji ameshakufa na hakuacha kitu cha kutoa. Husuni Kubwa nayo inaonekana haikumalizika, na haikukaliwa kwa muda mrefu.

Kilichobaki mkononi ni sarafu. Upande mmoja zina jina lake, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na maneno hayo yana vina vinavyolingana na jina. Mwaka hazikuandikwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, wachimbaji wa mambo ya kale waliikuta mojawapo Great Zimbabwe, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Kilwa. Kwa kuwa ilitoka kwenye uchimbaji uliofanywa kitaalamu, kipande hicho kimoja cha shaba kikawa ushahidi mzito: mji ule wa mawe wa bara na Kilwa ya pwani walifahamiana kibiashara.

Sasa linganisha na hii. Mwaka 1944, askari mmoja wa Australia aliokota sarafu 9 kwenye mchanga wa kisiwa cha Marchinbar, kaskazini mwa nchi yake. Nne zilikuwa za Uholanzi, tano za Kilwa. Alizihifadhi tu kwenye kopo, na ilipofika 1979 ndipo akazitoa zitambuliwe. Hadi leo wataalamu wanabishana zilifikaje huko, maana hakuna aliyeona zililala pamoja na kitu gani.

Tofauti ya visa hivi viwili ni udongo. Sarafu isiyo na mwaka husoma umri wake kwenye tabaka ilimolala, na vigae, shanga na majivu yaliyo jirani yake. Ditekta ikilia na jembe likashuka haraka haraka, vyote hivyo vinavurugwa kwa dakika chache, na havirudi.

Ndiyo maana Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inakataza kuchimba mabaki ya kale Tanzania bila leseni. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yamo pia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 1981.

Baba wa zawadi alitoa hadi nguo za mwilini. Sarafu zake zilizobaki ardhini zinaweza bado kutueleza alifanya biashara na nani na wapi, ila kwa sharti moja tu: zikutwe mahali zilipoachwa.