William Alford Lloyd: Mtu aliyeficha bahari chini ya sakafu

Ukiingia katika jengo linaloonyesha samaki wa baharini, macho huenda moja kwa moja kwenye kioo. Lakini kinachowaweka samaki hao hai mara nyingi hakionekani. Kiko chini ya sakafu au nyuma ya ukuta: tangi jingine la maji, na pampu inayofanya kazi usiku na mchana.

Mtu aliyelifanya wazo hilo lifanikiwe katika majengo makubwa ni William Alford Lloyd, aliyefariki dunia mwaka 1880. Katika makala hii tunasimulia maisha yake, na tunaeleza kwa nini wafugaji wa samaki wa baharini bado wanalifuata somo lake.

Tatizo lilikuwa nini?

Samaki hula, na chakula kinachobaki huoza. Mabaki hayo pamoja na kinyesi hutoa amonia, sumu inayoua samaki hata ikiwa kidogo. Baharini sumu hiyo hupotea katika wingi wa maji. Ndani ya tangi haina pa kwenda. Tena, maji yaliyosimama huishiwa hewa ya oksijeni, hasa wakati wa joto.

Mwaka 1850 mkemia wa London, Robert Warington, alieleza jinsi mimea na wanyama wa majini wanavyoweza kutunzana ndani ya chombo cha kioo. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya Regent's Park jijini London ilifungua nyumba ya samaki. Mwaka uliofuata Philip Henry Gosse alitoa kitabu kilichowafundisha watu kufuga viumbe wa baharini nyumbani. Kodi ya vioo ilikuwa imefutwa Uingereza mwaka 1845, kwa hiyo kioo kilikuwa kimeshuka bei. Matangi yakaingia sebuleni mwa watu. Lakini mengi yalichafuka, yakanuka, na viumbe wakafa.

Lloyd alianzaje?

Lloyd alizaliwa mwaka 1826. Hakuwa msomi wa chuo kikuu. Alikuwa mfanyakazi wa muuza vitabu jijini London, mbali na ufukwe. Alianza kufuga viumbe wa baharini kwa maji aliyoyatengeneza mwenyewe, kwa kuchanganya aina mbalimbali za chumvi na maji baridi.

Katikati ya miaka ya 1850 aliacha vitabu na kufungua duka karibu na Regent's Park. Aliuza matangi, chumvi, mwani, kaa, kamba na viumbe laini wanaofanana na maua ambao hung'ang'ania miamba. Orodha ya bidhaa zake ya mwaka 1858 ilikuwa kitabu cha zaidi ya kurasa 100.

Kazi hiyo ndiyo iliyomfundisha. Maji yakipigwa na mwanga mwingi, chembe ndogo za mwani huzaliana na maji hugeuka kijani. Lloyd aliona kwamba maji hayo yakiwekwa gizani, mahali penye ubaridi, hurudi kuwa maangavu. Hayakuhitaji kumwagwa. Yalihitaji kupumzishwa, kisha kurudishwa.

Biashara yaanguka, kazi yaanza

Mtindo wa kuweka matangi sebuleni ulipopoa, wateja walipungua. Mwaka 1862 Lloyd alifilisika. Kwa mtu aliyejijenga kutoka chini, hilo lingeweza kuwa mwisho.

Haikuwa hivyo. Bustani ya wanyama ya Hamburg, Ujerumani, ilikuwa inajenga nyumba ya samaki wa baharini, ikamwita. Hamburg iko kando ya mto Elbe, mbali na maji ya chumvi. Huwezi kubadilisha maji kila wiki. Ni lazima maji yaleyale yatumike tena na tena. Nyumba hiyo ilifunguliwa mwaka 1864, na Lloyd ndiye aliyeisimamia. Maji yalishuka kutoka kwenye matangi ya maonyesho hadi kwenye hifadhi ya chini, kisha pampu ikayapandisha tena. Kwa kuwa chumvi hula chuma, na metali iliyoyeyuka inaweza kudhuru viumbe wa baharini, pampu na mabomba vilitengenezwa kwa mpira mgumu.

Crystal Palace

Mwaka 1871 nyumba kubwa ya samaki ilifunguliwa Crystal Palace, kusini mwa London. Hapo Lloyd alipata nafasi ya kujenga alivyotaka. Matangi ya maonyesho yalichukua takribani galoni 20,000. Hifadhi ya giza chini ya sakafu ilichukua takribani galoni 80,000. Yaani kwa kila ndoo moja aliyoiona mgeni, kulikuwa na ndoo nne asizoziona.

Hapa ndipo palipokuwa na ubishi. Mwenye jengo hulipwa na mtu anayekuja kutazama, na hakuna anayelipa kiingilio kutazama giza. Fedha za kuchimba hifadhi na kuendesha pampu usiku kucha zilionekana kupotea bure. Lloyd hakulegeza msimamo: maji mengi chini, na mwendo usiokatika. Samaki mmoja akifa katika maji machache, huwaua wenzake. Akifa katika maji mengi yanayotembea, madhara huwa madogo.

Ujuzi wake ulimfikisha pia Naples, Italia, ambako mwanasayansi Anton Dohrn alijenga kituo cha utafiti wa bahari. Lloyd alimshauri kuhusu matangi na mzunguko wa maji. Nyumba ya samaki ya Naples ilifunguliwa mwaka 1874, na kituo hicho kipo hadi leo.

Wazo lake leo

Wafugaji wa sasa huweka tangi la pili ndani ya kabati, chini ya lile la kioo. Maji hufurika kutoka juu, hushuka kwa bomba, hupita kwenye kitambaa cha kuchuja, kisha pampu huyarudisha.

Wengi huongeza kitu kimoja ambacho Lloyd hakukiweka katika hifadhi yake ya giza: chumba cha mwani chenye taa. Mwani hula uchafu ulioyeyuka majini, na wadudu wadogo wa baharini hupata maficho ya kuzaliana bila kuliwa na samaki. Taa huwashwa usiku, tangi la juu likiwa gizani, ili kukiwa na viumbe wanaotumia oksijeni kuwe na mwani unaoitoa. Mwani ukijaa, huvunwa kiasi. Usipovunwa hufa, na uchafu wote uliokula hurudi majini.

Matunzo yana kanuni chache. Kitambaa kioshwe kila baada ya siku chache. Maji yakipungua kwa kukauka, ongeza maji baridi, usiongeze ya chumvi, kwa sababu maji yanapokauka chumvi hubaki. Na tangi la chini lisijazwe hadi mdomoni. Umeme ukikatika, maji ya juu yatashuka, na yasipopata nafasi yatamwagika sakafuni.

Hili linatugusa hata sisi. Baadhi ya samaki wa mapambo wanaouzwa ng'ambo huvuliwa kwenye miamba ya pwani ya Kenya. Samaki huyo akifa tangini wiki ya kwanza, mnunuzi ataagiza mwingine kutoka mwamba uleule. Akiishi miaka, mwamba hupumzika. Ndiyo maana ndoo zile nne za gizani, alizozipigania Lloyd, zina maana hata kwa mwamba ulio mbali na London.