Dk. Williamson wa Mwadui: Mwili ulipogeuka adui
Na Mwandishi Wetu, Shinyanga

JINA la Dk. John Williamson si geni masikioni mwa wakazi wa Shinyanga. Mwanajiolojia huyo, aliyezaliwa Quebec, Kanada, mwaka 1907, aligundua almasi Mwadui mwaka 1940 baada ya kuhangaika porini kwa miaka mingi. Mwaka 1947 alimzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, aliyekuwa akiolewa, almasi ya rangi ya waridi yenye karati 54.5.

Utajiri wote huo haukumfaa alipopatwa na saratani ya koo. Katika maradhi hayo adui hatoki nje. Ni chembe hai za mwili wenyewe zinazozaliana bila kukoma. Yapo maradhi mengine ambayo kinga hushambulia viungo vya mwili wake ikividhania vigeni. Katika saratani, kinga hiyo hiyo hushindwa kumtambua msaliti aliyemo ndani, naye huota hadi sauti ikakauka na kumeza kukawa taabu.

Alifariki dunia Januari 1958 akiwa na umri wa miaka 50, bila mke wala mtoto. Mgodi waliurithi ndugu zake, nao wakauuza mwaka huo huo.