Timoshenko: Alipigwa Chini, Hesabu Zikabaki

Wanachuo wenzangu, jaribio la kwanza la matabaka membamba ya nusu-kipitishi nilichemsha. Niliandika kwamba joto peke yake ndilo linalopasua tabaka. Mwalimu akanirudisha kwa Timoshenko, jina ambalo mimi nililijua kwenye jalada la kitabu tu.

Stephen Timoshenko alizaliwa mwaka 1878 huko Ukraine, enzi hizo ikiwa chini ya himaya ya Urusi. Alimaliza uhandisi St. Petersburg mwaka 1901, akaja kuwa profesa Kiev. Mwaka 1911 alitia saini tamko la kumpinga waziri wa elimu. Akapigwa chini. Hebu fikiria, ana familia na kazi hana! Fedha za tuzo aliyopata mwaka huohuo ndizo zilizomsaidia kuishi.

Baada ya mapinduzi ya Urusi, mwaka 1920 alihamia Yugoslavia. Pale Zagreb alifundisha kwa Kirusi huku akichomekea maneno ya Kikroeshia kadiri alivyoweza, na wanafunzi wakamwelewa. Mwaka 1922 akavuka kwenda Marekani, na 1923 akaajiriwa na kampuni ya Westinghouse.

Akiwa huko, mwaka 1925 alitoa hesabu ya metali mbili zilizounganishwa, kama kile kipande ndani ya pasi kinachokata umeme ikishapata moto. Kila metali hutanuka kwa kiasi chake. Zikiwa mbalimbali, hakuna neno. Zikishikana, moja inavuta, nyingine inazuia, kipande kinapinda. Timoshenko alionyesha kinapinda kiasi gani kwa kutumia unene, ugumu na badiliko la joto.

Sasa chukua galiamu naitraidi, ile ya taa za LED, uioteshe juu ya silikoni kwenye nyuzi kama 1,000 za Selsiasi. Vikipoa, naitraidi inataka kusinyaa zaidi ya silikoni, tofauti ya karibu milimita 3 kwa kila mita. Ni kidogo, lakini tabaka limeshikwa chini, haliwezi kusinyaa litakavyo. Linabaki limevutwa, na linaweza kupasuka. Ndiyo maana wataalamu hutanguliza matabaka mengine katikati, yanayolibana tabaka la juu likiwa bado la moto, ili mvuto wa kupoa ukija upungue nguvu.

Kumbe kosa langu lilikuwa hapo. Joto bila kushikwa halileti mkazo huo. Lazima viwepo vyote viwili.

Timoshenko alifundisha Michigan kuanzia 1927 na Stanford kuanzia 1936, akaandika vitabu tunavyogombania leo, akafariki Ujerumani mwaka 1972. Mtu aliyefukuzwa kazi na kuhama nchi, kila alipofika alishika chaki upya.

Jaribio la pili nimefaulu. Kitabu nimekirudisha maktaba, wahini, maana foleni yake si mchezo.