Burkitt: kutoka taya la mtoto hadi sahani ya dona

Mzazi, ukiona taya la mwanao linavimba na meno yanalegea, usiishie kumng'oa jino. Mpeleke hospitali wiki hiihii. Huenda ni saratani inayoitwa kwa jina la Denis Burkitt, na uvimbe wake huweza kukua maradufu ndani ya siku moja au mbili.

Burkitt alizaliwa Enniskillen, Ireland, mwaka 1911. Akiwa na miaka 11 alipoteza jicho moja, lakini akawa daktari mpasuaji na mwaka 1946 akaja kufanya kazi Uganda. Mwaka 1957, pale Mulago, Dk. Hugh Trowell alimwita amtazame mtoto aliyevimba taya pande zote, juu na chini. Wiki chache baadaye, huko Jinja, akamwona mwingine wa sura ileile. Wengi wetu tungejaza faili tukaendelea na zamu. Yeye akaanza kuuliza hospitali nyingine, na mwaka 1961 akafunga safari na wenzake wawili katika gari kuukuu: wiki 10, kilomita 16,000 hivi, wakipita Tanganyika hadi Afrika Kusini. Walichogundua ni kwamba ugonjwa unafuata maeneo ya joto na mvua, kulekule kwenye malaria nyingi.

Kisu hakikusaidia sana. Akajaribu dawa za sindano na vidonge, na baadhi ya watoto waliokuwa wa kufa wakapona. Mojawapo ya dawa zinazotibu ugonjwa huu hadi leo ni vinkristini, inayotokana na ua dogo la rangi ya waridi lenye asili ya Madagaska. Pengine limeota mbele ya nyumba yako. Nakusihi usichemshe majani yake. Mmea ule una sumu, na dawa inayotolewa humo hupimwa kwa miligramu.

Mwaka 1966 alirudi Uingereza na swali jingine: kwa nini saratani ya utumbo mpana, ya kawaida kule, aliiona kwa nadra vijijini Uganda? Alipima hata uzito wa choo cha watu! Jibu lake lilikuwa nyuzinyuzi za chakula. Kwa maoni yangu alizibebesha mzigo mkubwa mno, kwani maradhi mengi aliyoyahusisha nazo yana sababu nyingine pia. Hata hivyo, tafiti kubwa zilizofuata zimeonyesha kuwa wanaokula nafaka zisizokobolewa hupata saratani hiyo kwa uchache. Alifariki mwaka 1993.

Kwa hiyo ukiniuliza kuhusu vidonge vya asili vinavyouzwa kwa ahadi ya kuzuia saratani na makunyanzi ya ngozi, nitakuuliza kwanza kama unakula dona, maharage na mboga za majani. Huko Finland, wanaume wavutaji sigara walipewa betakarotini, rangi ileile ya karoti, ikiwa katika vidonge ili wakingwe. Matokeo yalipotoka mwaka 1994, waliomeza vidonge hivyo walikuwa wamepata saratani ya mapafu zaidi ya wasiovimeza.